Kondoo Ambaye Hakuandaliwa

Jumamosi, jioni.

Mvua imetupiga tangu mchana na sasa ndiyo imekatika. Vumbi jeusi limelala, njia ya mtaa wetu ni matope matupu, na mimi nimekaa barazani pekupeku nakula sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, kwa mikono yote miwili. Nina furaha mpaka naona aibu kidogo. Wanaopita hapa kwenye blogu yangu wanajua kwamba kwa miezi mingi kazi yangu hapa imekuwa kunung'unika. Leo mnivumilie, leo ni zamu ya kujisifu.

Sahani zetu zimeota!

Kwa mgeni, nieleze. Naitwa Masika, kwetu ni Butembo, na ninafanya kazi katika labo ya hospitali moja hapa Goma. Kazi yangu ni kuotesha bakteria. Mtoto akiletwa ana homa, anakohoa, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, daktari huchukua damu yake, au ute wa koo, au maji yaliyojaa kifuani, akaniletea. Mimi napaka kwenye sahani ndogo yenye chakula cha bakteria, yaani jeli iliyochanganywa na damu ya kondoo. Wakiota, tunamjua adui ni nani na dawa ipi itamuua. Wasipoota, daktari anabaki kubahatisha.

Na kwetu walikuwa hawaoti.

Zamani damu ya kondoo ilikuja kwa ndege, imefungwa vizuri kwenye chupa. Tangu ndege ziache kutua tukatafuta kondoo wa hapa hapa, na kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Sahani zilitoka nyekundu, laini, nzuri za kupiga picha. Nikipaka maji ya kifua cha mtoto anayeungua kwa homa, kesho yake nakuta sahani nyekundu, laini, nzuri. Mara moja moja kilichipuka kijidudu kimoja sugu cha kwenye ngozi, cha aina ile tunayoitupa bila kuuliza. Nilibadilisha maji ya kupikia jeli. Niligombana na fundi wa kabati la joto. Nilimshuku mpaka mshumaa.

Ndiyo, mshumaa. Bakteria wa nimonia hupenda hewa nzito, ndugu yake ile ya mazuku inayotoka ardhini na kuua mbuzi huku kwetu. Kwa hiyo sahani tunaziweka ndani ya mtungi wa kioo, tunawasha mshumaa, tunafunga kifuniko, mshumaa unakula hewa mpaka unazimika wenyewe. Mtu yeyote wa Goma akiona mshumaa umezimika bondeni atakamata watoto na kukimbia. Mimi napiga makofi.

Dokta Bahati, daktari wetu wa watoto, alianza kunitania kwenye korido. "Masika, labo yenu iko kama shamba ya Nyiragongo. Mawe tu." Nyiragongo ndiyo volkano yetu inayomwaga lava, na watu walicheka. Nilimchukia wiki nzima, namwamkia kwa mdomo wa pembeni, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa anasema uongo.

Kisha akaja Asifiwe.

Asifiwe ni msichana mdogo wa mtaa wa Mapendo, bado anabebwa mgongoni. Mama yake anauza maandazi asubuhi karibu na nyumbani kwao. Alimleta kwa moto, yaani pikipiki, yeye nyuma ya dereva, mtoto katikati amefungwa kitenge, na walipomfungua pale dharura upande mmoja wa kifua chake ulikuwa hautikisiki kabisa. Maji yalikuwa yamejaa kuzunguka pafu. Dokta aliyatoa kwa sindano, nikayapaka. Hakuna kilichoota. Yakajaa tena, akayatoa tena, nikapaka tena. Hakuna.

Dawa aliyoanzishiwa siku ya kwanza haikushusha homa hata kidogo. Dokta Bahati, akiwa na karatasi zangu mkononi, alifikiri kama daktari yeyote mwenye akili angefikiri: kama maji ya kifua hayana bakteria na mtoto haponi, basi huenda ni kifua kikuu. Akamwambia mama kwamba mwisho wa wiki wataacha dawa ile na kumwanzishia matibabu ya kifua kikuu, ya miezi mingi. Nilipanda wodini kumtazama. Pua zake zilikuwa zinapanuka na kusinyaa, macho makubwa, midomo imekauka. Kama ni kifua kikuu, sawa. Kama si hicho, mtoto yule hakuwa na miezi mingi. Hakuwa na hata wiki.

Na jibu lilikuwa lazima litoke kwenye sahani zangu.

Jumatatu nilikuta friji imezimika. Umeme ulikatika Jumapili yote, damu ya kondoo imegeuka nyeusi na kunuka, nikaimwaga huku natukana. Kwa kawaida tukitaka damu mwenzangu wa labo hutuma habari mapema kwa mzee Sebagenzi, anayetufugia kondoo kule Mugunga, kisha kesho yake anakwenda na chupa. Mwenzangu alikuwa mgonjwa, na mimi sikuwa na subira ya kutuma habari. Nilichukua chupa yetu yenye shanga za kioo ndani, zile za kuzuia damu isigande, nikapanda moto, nikaenda bila kuitwa.

Mzee Sebagenzi ni mfugaji wa Masisi. Vita vilimtoa kule na sehemu ndogo ya mifugo yake, na sasa kondoo wake wanakula majani yanayochungulia kati ya mawe ya lava nyuma ya nyumba. Ni mtu wa heshima mpaka unachoka. Aliniuliza habari za nyumbani, za Butembo, za baba, za mama, za mvua, za kazi, akanikalisha kitini na yeye akabaki amesimama na fimbo yake. Nilipotaja damu tu, uso wake ukabadilika.

"Mama Masika, haiwezekane. Hamukunitumia habari. Kondoo haiko tayari."

Nilidhani anamaanisha kondoo ni mchafu. Nikamwambia si kitu, tutamwosha shingo wenyewe. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akarudi na kichupa na bomba la sindano, anakifuta kichupa kwa shati lake kama anayefuta kikombe cha mgeni.

"Kila mara munakuya kukamata damu, siku ya mbele niko namupiga tetra. Ile ni kondoo ya hospitali. Siwezi kubapa kitu yenye haijatengenezwa."

Tetra!

Kwa wasiojua, siku ya mbele kwetu ni siku iliyotangulia, na tetra ni dawa ya kuua bakteria. Wafugaji wote wa huku wanayo. Nilikaa. Yaani nilikuwa nimekaa tayari, lakini nilikaa upya. Mzee alikuwa anainunua kwa mfuko wake, hakuna aliyemwomba, kwa sababu kwao kitu hakitoki nyumbani kwenda kwa watu kabla hakijaandaliwa. Maziwa hayatiwi kwenye kibuyu kisichofukizwa moshi, na damu ya hospitali haitoki kwa kondoo asiyechomwa sindano. Adabu tupu. Na adabu ile ilikuwa inaingia kwenye damu, damu inaingia kwenye jeli, jeli inaingia kwenye sahani, na mimi nawakaribisha bakteria mezani huku chakula chenyewe kina sumu yao.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kumkumbatia kondoo. Nikamweleza polepole.

"Muzee, ile microbe yenye iko mu kifua ya batoto, siye tunataka ikule. Ishibe. Izae."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Munataka bamicrobe bashibe?"

"Ndiyo, muzee. Bashibe, tubaone sura, kisha tubaue."

Alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni, akaangalia kile kichupa. "Basi miye ndiye niko nabaharibia kazi," alisema, na sauti yake ilinichoma. Nikamwambia hapana, na sikuwa namfariji. Kwa miezi yote ile tulikuwa tunakwenda kwake na chupa, tunasema asante, tunaondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia damu ile ni ya kufanyia nini. Yeye alifanya la mtu mwema asiyeambiwa kitu.

Kondoo wa hospitali bado alikuwa na dawa ya mara iliyopita mwilini. Lakini alikuwepo jike mmoja mdogo ambaye hakuwahi kutolewa damu, kwa hiyo hakuwahi kupata heshima ya sindano. Nikamwomba huyo. Mzee alikubali kwa shida sana, kama mtu anayelazimishwa kumpokea mgeni kabla hajafagia. Alimshika mwenyewe, akamnong'oneza Kinyarwanda sikioni, nami nikajaza chupa na kuitikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Wakati wa kuondoka, ili kufuta aibu yake, akanibebesha jibini zima la Masisi. Sikukataa. Mtu anayekataa jibini la Masisi ana matatizo yake binafsi.

Jioni ile ile nilipika jeli na kumimina sahani mpya. Asubuhi nikamfuata Dokta Bahati kabla hajaanza mzunguko wa wodi, nikamwambia yote, sindano, mzee, kondoo. Nilijiandaa kwa utani. Hakutania.

"Maji imejaa tena, leo tunaitoa," alisema. "Nitakuletea. Lakini Masika, ni ya mwisho. Kisha naanza tebese." Tebese ndiyo kifua kikuu.

Mama Asifiwe alikuwa mlangoni nilipokwenda kupokea kile kichupa cha maji ya kifua, maji mazito ya rangi ya uji. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, mara hii mutaona kitu? Ama munamutoboa tu mutoto wangu bure?" Nilimwambia ninaomba Mungu, na ndiyo ukweli, nilikuwa naomba ninapotembea, ninapopaka, ninapowasha mshumaa ndani ya mtungi. Jenereta ya hospitali nayo ilikubali kufanya kazi bila kubembelezwa, na kwa hilo peke yake ingestahili misa ya shukrani.

Jumatano asubuhi nilifungua mtungi nikiwa nimefumba jicho moja. Sijui nilifikiri jicho moja litaumia kidogo kuliko mawili.

Walikuwepo.

Walikuwa wengi, wadogo, wanang'aa kama umande, kila mmoja amebonyea katikati, na kila mmoja amezungukwa na duara la kijani juu ya ule wekundu. Kijani! Picha hii niliichora shuleni mpaka nikaichoka, na sasa ilikuwa mbele yangu, kutoka kifua cha mtoto wa Mapendo, juu ya damu ya kondoo wa Mugunga. Niliachia yowe. Mama wa kaunta ya malipo alikuja mbio akidhani gesi imelipuka, nikamkamata mabega nikamwambia, "Ona! Ona!" Akaona. Hakuelewa chochote, lakini alifurahi nami kwa moyo wote, na mpaka saa nne karibu kila mtu wa ghorofa ya chini alikuwa amekuja kuchungulia. Chini ya darubini walikaa wawili wawili kama wachumba. Jina lake la shule ni pneumokoki. Ni bakteria tu, bakteria wa nimonia anayejulikana duniani kote. Kifua kikuu hakikuwepo hapo.

Ilibaki kujua ni dawa ipi itamuua bakteria huyo. Tunatandaza bakteria kwenye sahani nyingine, tunaweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa, tunangoja. Dawa inayofaa huacha duara safi kuizunguka. Alhamisi nilisoma. Kuzunguka ile dawa aliyokuwa anapewa Asifiwe siku zote hizo, bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa karatasi, raha mustarehe. Kuzunguka dawa nyingine, ambayo ipo kwenye kabati la wodi yetu wenyewe, palikuwa na duara pana, safi kabisa.

Sikumpelekea dokta karatasi. Nilimpigia simu nikamwambia ashuke aone kwa macho yake. Alishuka, akaishika sahani mwangani, akaigeuza. "Nilikuwa karibu kumupa dawa ya tebese," alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. Kisha akanishika mkono. "Vreman, kweli kabisa, Masika. Asante." Na akapanda ngazi akikimbia. Dokta Bahati ni mtu mwenye kitambi cha kuheshimika, sijawahi kumwona akikimbia hata risasi zilipokuwa zinalia mjini.

Nikabaki peke yangu na sahani, na hapo furaha ikanipungua kwa muda. Niliwafikiria wengine, watoto wa miezi ile yote ambao nilituma majibu yao juu nikiwa nimeandika kwamba hakuna kilichoota. Wengi walipona kwa dawa za kubahatisha. Wengine sijui, na hapa Goma watu wanahama kabla hujawauliza. Sina la kusema juu ya hilo linaloweza kunipa usingizi, isipokuwa kwamba sasa mlango ule tumeufunga.

Jana, kwa dawa mpya, homa ya Asifiwe ilianza kushuka. Saa sita mama Asifiwe alisimama mlangoni pa labo na ndoo ya maandazi kichwani.

"Niko nataka kumuona."

"Nani, mama?"

"Ule mwenye alikuwa anataka kuniuwia mutoto."

Wageni hawaruhusiwi kuingia. Kwa hiyo mimi nilibaki ndani, nikainua sahani iliyofungwa vizuri nyuma ya kioo cha mlango, nikamwonyesha kwa kidole. Alisogeza uso mpaka kioo kikafanya ukungu.

"Aka kadogo aka?"

"Hako hako, mama."

Basi akaanza. Jamani, sijawahi kusikia bakteria wakitukanwa namna ile. Alianza kwa Kiswahili, akakitupa akashika Kinyarwanda, akamalizia na Kifaransa kidogo alichonacho, akawauliza hawana mama, hawana haya, hawakuona mtu mwingine wa kukaa kifuani mwake isipokuwa mtoto wake. Mama wa kaunta ya malipo alisaidia kwa matusi ya ziada. Alipochoka akafuta macho kwa kitenge, akatua ndoo, na tukala maandazi kwenye korido tukiwa tumesimama, mimi na yeye na yeyote aliyepita. Yalikuwa ya moto bado.

Jumatatu nitakwenda tena Mugunga, si kwa ajili ya damu. Mzee Sebagenzi lazima asikie kutoka kinywani mwangu kwamba yule jike ambaye alimwonea aibu ndiye aliyetuonyesha njia. Nimeshanunua kilo ya sukari ya kumpelekea. Nikienda kwake mikono mitupu atanisamehe, lakini hatasahau.

Na leo? Leo ndiyo sababu ninaandika.

Leo mchana, kabla mvua haijaanza, nilikuwa naosha sahani nikasikia kelele kutoka upande wa pili wa ua, wodi ya watoto. Mtoto analia. Analia kwa hasira, sauti imepanda mpaka juu, anakata, anavuta pumzi ndefu, anaanza upya. Niliacha bomba linamwaga maji nikatoka nje.

Mtoto mwenye nimonia kali halii. Pumzi yote aliyonayo anaitumia kubaki hai, haibaki ya kulalamikia. Tangu Asifiwe aletwe, wamemchoma, wamemgeuza, wamemtoa maji kifuani, na hakutoa sauti. Leo muuguzi alikuwa anambadilisha tu plasta ya mkononi, plasta, na Asifiwe akaona huo ni uonevu usiovumilika. Dirishani nilimwona Dokta Bahati amesimama, mikono mfukoni, hamsaidii mtu, anasikiliza tu. Mama yake alikuwa amemshika kifuani na anacheka huku machozi yanamtoka, na mtoto anampiga ngumi kwa kuwa yeye hacheki na mtu.

Nilisimama pale uani mpaka matone ya kwanza ya mvua yakanigonga kichwani. Sauti ilikuwa kubwa kuliko kwaya ya Jumapili, na ilitoka kwenye mapafu yote mawili.

Lia, Asifiwe. Lia, mwanangu. Lia na kesho pia.